Siku Baba Alipokubali Kuonja

Kama hukuwa nami wiki zilizopita, nitakuonjesha kidogo tu, uelewe kwa nini leo ninaandika huku nimekunja uso.

Mimi ni Kavindu wa Migwani. Mulei wa Matiliku alinipa mimba, akanipa ahadi, halafu akanipa mgongo. Hakuleta ntheo, yaani wale mbuzi na ule uki, pombe yetu ya asali, ambao kwetu Ukambani ndio humfanya mke awe mke na mtoto awe wa baba yake. Bila ntheo, mtoto ni wa kwao mama. Kwa hivyo Mumbua, binti yangu wa miaka minane, ni wa boma la baba yangu, na mimi nilitaka abaki hapo hapo.

Wiki jana niliwaambia jinsi Mulei alivyorudi ghafla na gari na kitambi, akidai mtoto aliyemkimbia akiwa tumboni. Eti mama yake anamlilia mjukuu. Baba yangu alimjibu langoni, maneno machache tu: "Hakuna ntheo, hakuna mtoto." Siku hiyo nilimpenda baba kuliko nilivyowahi kumpenda, ingawa alikuwa haongei nami.

Maana Mzee Musembi, baba yangu, ni mzee wa kanisa. Aliokoka kabla sijazaliwa na hajagusa pombe tangu wakati huo. Nilipoanza kazi ya kupika bia aliniambia nisikanyage kwake na mikono inayonuka. Mumbua anaishi naye yeye na mama, na mimi humwona Jumapili, nje ya lango, kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Basi shikilieni hayo mawili. Ntheo haijaletwa. Baba yangu hanywi. Sasa nisikilizeni.

Bia yenyewe ni nyeusi. Kihara, mdosi wangu, ana kiwanda kidogo hapo Kwa Vonza na duka la kuoka mikate upande wa Mombasa Road. Huoka mkate fulani mweusi, mzito, mchachu, wa nafaka ya Ulaya inayoitwa rai, kwa ajili ya mahoteli ya watalii. Watalii wakipungua mkate unarudi kwa magunia, mgumu kama tofali.

"Kavindu, hii mkate nitalishia ng'ombe hadi lini?" aliniuliza siku moja.

Nikamwambia aniachie. Niliukaanga hadi ukawa kama makaa, nikauloweka pamoja na kimea, nikaanza kuchuja. Woi! Rai inanata, jamani. Kichujio kiliziba, nikakizibua, kikaziba tena. Nilitukana huo mkate kwa Kikamba, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kidogo nilicho nacho. Halafu badala ya chachu ya dukani nikatumia miatine, yale matunda makavu ambayo akina nyanya walichachushia uki wa asali. Nilipewa na Susu Wayua, mama mzee wa hapo Kwa Vonza ambaye miatine yake ina umri kunishinda.

Ikatoka bia ambayo hata mimi niliiogopa. Inaanza kwa uchungu kama ukoko wa sufuria ya muthokoi, halafu unakuja utamu wa sukari nguru, na ukishameza, uchachu unakuvuta mashavu. Povu lake ni rangi ya chai ya maziwa.

Kihara alipoionja alikaa chini. Kisha akaita watu.

Hiyo ndiyo siku ninayowaambia. Jumamosi, jua kali, viti vya plastiki vimepangwa uani. Upande mmoja walikaa wenye baa kutoka Kitui mjini na mji wa Wote. Upande wa pili, meza ya wazee. Hilo lilikuwa wazo langu. Watu wetu hawawezi kununua kitu kilichochachuka kwa miatine kabla wazee hawajasema ni sawa, kwa hivyo tulitangaza kwamba mzee yeyote anayejua uki wa zamani aje aonje.

"Leo hasira uiache nyumbani," Kihara aliniambia asubuhi. "Wazee wakikubali, tumetoka. Ukiwafokea, tumeisha."

"Nani atafokewa?"

"Si mimi unanifokea saa hii?"

Simu ikalia. Alikuwa Mumbua, ameiba simu ya mama yangu kama kawaida yake. Mimi huniita mwaitu, yaani mama, na babu yake humwita umau.

"Mwaitu, umau ameleta mbuzi! Yule wa sikio jeupe ni wangu!"

"Umau amenunua mbuzi?"

"Eeh. Mwingine tulimla Jumapili. Mwaitu, nilipewa figo!"

Nikacheka. Ukame ulikuwa umemaliza zizi la baba, na nilifurahi kusikia ameanza kujaza tena. Nikamwambia Mumbua amtunze huyo wa sikio jeupe, nikakata simu, nikarudi kwa mapipa yangu nikiwa na moyo mwepesi. Nikikumbuka wepesi huo, natamani kujipiga kofi.

Wazee walifika mmoja mmoja. Kati yao kulikuwa na mmoja mwembamba, kofia ya kijani, kibuyu kimening'inia begani kwa mkanda wa ngozi, mdomo wa kibuyu umezibwa kwa gunzi la mahindi. Alisema anaitwa Kasyoki, kutoka Makueni. Sikuuliza sehemu gani ya Makueni.

"Wakya?" alinisalimia.

"Aa," nikajibu kwa heshima, kama nilivyolelewa.

Tukamimina. Wenye baa walionja kwanza. Mmoja wao, mama mnene wa Kitui mjini mwenye baa mbili, alifumba macho akakaa hivyo, kisha akanyoosha glasi yake bila kuyafumbua. Nikaongeza. Nikajua hapo nimeuza.

Mzee Kasyoki naye alionja kidogo tu, akatema kando ya kiti.

"Hii ni maji ya kuoshea sufuria," akasema.

Meza nzima ikacheka.

"Mkate!" akaendelea. "Tangu lini mkate ukapikwa pombe? Mkate ni wa chai. Kesho watatuletea pombe ya chapati."

Wakacheka tena. Damu ikanipanda. Nilikuwa nimekesha na hiyo bia, nimeungua mkono wa kushoto kwa sababu ya hiyo bia, nimefungiwa lango la baba yangu kwa sababu ya kazi ya bia.

"Mzee, umeonja au umelowesha ndevu tu?" nikamuuliza.

Kihara akanikanyaga mguu. Nikautoa mguu.

"Mwiitu, msichana wewe, ni adabu gani hiyo?" mzee akauliza, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. "Mimi nasema ninachojua. Uki ni asali na miatine. Hii yako ni kitu cha wazungu kilichorudishwa dukani."

"Miatine imo! Muulize Susu Wayua!"

Susu Wayua alikuwa amekaa mwisho wa meza, leso kichwani, glasi yake tupu.

"Miatine ni yangu," akasema. "Ilichachusha uki wa harusi za mama zenu wengi hapa. Kama imekubali mkate, mimi nitakataa nikiwa nani?"

Wazee wakatikisa kichwa kukubali. Mmoja akaomba glasi ya pili. Kasyoki akainama kunielekea, akashusha sauti, lakini si sana, kila mtu alimsikia.

"Kwa hivyo unaniambia hii ni uki. Si bia ya chupa. Uki wenyewe."

"Ni uki."

"Mtu anaweza kuibeba apeleke kwa wakwe?"

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi na kunyamaza hatujawahi kukutana.

"Hata ntheo mnaweza kupeleka na hii!" nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Na wakwe wataomba nyingine!"

Wenye baa wakapiga makofi. Yule mama wa Kitui mjini akapiga kelele, "Huyu msichana anajua kuuza!" Kihara akanong'ona kwamba mama anataka mapipa yote yaliyopo na ya mwezi ujao. Mzee Kasyoki akainua mikono kama mtu aliyeshindwa, akaondoka pale mezani na kwenda kusimama karibu na mapipa, kibuyu chake mkononi. Nikadhani ameona aibu, anakijaza kimyakimya. Nikamwacha ajaze. Nilikuwa nimeshinda, na mshindi hahesabu vibuyu.

Ndipo nilipomwona baba.

Alikuwa amesimama langoni na koti jipya la kijivu, amemshika Mumbua mkono. Mumbua alivaa gauni lake la kanisani na viatu vyeupe. Sikuwa nimewaalika. Ningemwalikaje mzee wa kanisa kwenye bia?

Mumbua alinikimbilia akanikumbatia kiunoni. Baba alikuja polepole akipita katikati ya viti, na watu waliomjua wakawa wanaficha glasi.

"Wakya, Kavindu," akasema.

Miaka miwili alikuwa hajalitaja jina langu.

"Aa," nikasema.

"Nimesikia watu wanaisifu. Nikasema nije nijionee."

Nilimvutia kiti, nikakipangusa kwa aproni yangu ingawa kilikuwa safi. Akaketi kwenye meza ya wazee, kofia mapajani, mgongo wima kama yuko ibadani. Nikaona jinsi alivyozeeka tangu anifungie lango, nikamsamehe kila kitu, hata kabla hajaomba.

"Karibu, mzee mwenzangu," Mzee Kasyoki akasema. Sijui alirudi mezani saa ngapi. Alitoa lile gunzi kwenye kibuyu, akamimina ndani ya kata, akampa baba kwa mikono miwili.

Baba aliipokea. Aliangalia ndani ya kata, akaniangalia mimi, akaangalia ndani tena.

"Baba, si lazima," nikamwambia.

"Ninajua," akasema. Akanywa.

Nililia, wasomaji wangu. Ninawaambia bila haya. Mzee aliyekataa hata dawa ya kikohozi akisikia ina pombe, amekunywa mbele ya watu kwa ajili yangu, ndivyo nilivyofikiri. Kihara alipiga makofi. Mama wa Kitui mjini akapiga kigelegele. Mimi nikaficha uso kwenye aproni.

Nilipoufunua, Mzee Kasyoki alikuwa amesimama juu ya kiti, kata ameiinua.

"Wazee, mmeona?"

"Tumeona," wakajibu, wakidhani ni mchezo.

"Mmeona wote?"

"Tumeona!"

"Basi mnishuhudie. Musembi wa Migwani ameonja uki kutoka kwa mkono wa watu wa Matiliku. Mimi ni Kasyoki, ndugu mdogo wa baba yake Mulei. Mlango umefunguliwa."

Kwetu, baba wa msichana akinywa uki wa upande wa mume mbele ya mashahidi, amepokea ntheo. Nje ya lango mlango wa gari ukafunguliwa, na Mulei akaingia, shati jeupe, miwani ya jua, ufunguo wa gari unazunguka kwenye kidole.

Sikumbuki nilivyofika mbele yake. Nakumbuka tu nilikuwa nimeshika mwiko wa kukorogea kimea, ule mrefu, na Kihara alikuwa amenishika kiuno kwa nyuma.

"Kavindu, wacha makelele," Mulei akasema. "Mambo imefanywa kwa heshima."

"Heshima? Wewe heshima unaijua kwa kusikia! Uliniacha nikitapika kwenye choo cha mama yako!"

"Hiyo ni ya zamani."

"Zamani iko hapa na viatu vyeupe! Unajua amevaa namba gani? Unajua anaogopa nini? Unajua hata jina lake la pili?"

Mulei alimwangalia Mumbua, akatabasamu, akamwambia kuna soda baridi ndani ya gari. Mumbua akaniangalia, akamwangalia babu yake. Baba akamfanyia ishara kwa kidevu kwamba aende. Mtoto ni mtoto, na soda ni soda. Akaenda.

"Hii ni Kenya ya leo, bwana," Kihara akasema. "Mtoto haendi hivyo. Kuna korti."

"Korti iko mbali, Kihara. Gari iko hapo langoni!" nikamjibu.

Nikawageukia wazee. Nilijua kitu kimoja tu kingeniokoa. Kama kile alichoonja baba hakikuwa uki, basi hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna ntheo, hakuna mtoto. Nilijua pia kitanigharimu nini. Mama wa Kitui mjini alikuwa amekaa pale pale, glasi mkononi.

"Hiyo si uki!" nikapiga kelele. "Nisikilizeni! Uki ni asali. Hii ni maji ya mkate! Ni mikate iliyokataliwa na watalii, ikakauka, ikarudi kwa gunia, nikailoweka. Ni takataka! Mzee yupi hapa anaweza kufungua mlango wa mtoto kwa takataka?"

"Kavindu," Kihara akasema polepole.

"Ni takataka, Kihara! Wewe mwenyewe ulitaka kulishia ng'ombe!"

Mama wa Kitui mjini aliweka glasi chini. Akachukua mkoba wake. Wenye baa wengine walianza kunong'onezana, na mmoja akainusa glasi yake kama panya amefia ndani yake.

"Lakini ulisema ni uki," Mzee Kasyoki akasema kwa upole. "Mbele ya watu."

"Nilidanganya."

"Ulisema hata ntheo."

"Nilidanganya! Niko na mdomo mbaya, muulize mtu yeyote!"

Akatabasamu. Sikulielewa tabasamu hilo. Nililielewa baadaye kidogo, na tangu hapo sijalala vizuri.

Nikapiga magoti mbele ya baba.

"Baba, waambie. Sema tu kwamba umeonja bia ya mtoto wako. Sema hukujua ni mkono wa nani. Wewe ndiye umeonja, ukisema hukujua, imeisha."

Wazee wote walimgeukia. Alipangusa mdomo kwa mkono wa koti. Koti jipya, kitambaa kizuri. Nikaliona kama ndiyo kwanza naliona. Baba yangu hajanunua koti tangu nikiwa shule ya msingi.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua mkono ni wa nani."

Nikamwangalia. Nikakumbuka mbuzi wa sikio jeupe. Nikakumbuka yule waliyemla Jumapili, ambaye Mumbua alipewa figo yake.

"Mbuzi," nikasema. "Walikuwa wangapi, baba?"

"Watatu. Na blanketi ya mama yako. Na hii koti."

"Mama anajua?"

"Mama yako amelia wiki nzima. Lakini amekubali."

Nilisimama.

"Ulisema hakuna ntheo, hakuna mtoto!"

"Na wameleta ntheo." Sauti yake ilikuwa ndogo, hakunitazama. "Kavindu, nielewe. Kanisani wameniambia nitengeneze nyumba yangu, ama niwache uzee wa kanisa. Binti mpika pombe, mtoto hana baba. Kila Jumapili nasimama mbele nikijua wanasema nini. Ningefanya nini?"

"Kwa hivyo umekunywa pombe ndio kanisa likusifu?"

"Kanisa haiko hapa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hapa. Uki haungeweza kuingia boma la mzee wa kanisa Migwani, na majirani waliookoka wanachungulia juu ya ua. Na mimi singeweza kuitwa kwake, alikuwa amenifungia lango. Kwa hivyo walitafuta mahali ambapo pombe tayari ipo, wazee wa kushuhudia tayari wamekaa, na mimi mwenyewe nimepanga viti. Niliandaa ntheo yangu. Nilipangusa hata kiti.

"Wewe si mzee wa kanisa," nikamwambia baba. "Wewe ni mchuuzi wa mbuzi."

Wazee wakashtuka. Baba akainamisha kichwa, na sikumwonea huruma yoyote.

Mzee Kasyoki akapiga makofi mawili, kama mtu anayefunga mkutano. "Haya. Tumemaliza. Mulei, mchukue mtoto wako."

"Hamjamaliza."

Alikuwa Susu Wayua. Hakusimama, alinyoosha tu kidole kimoja.

"Mwiitu hajaulizwa," akasema.

"Aulizwe nini?" Kasyoki akafoka. "Mtoto amezaliwa zamani!"

"Mimi nimepika uki wa ntheo nyingi kuliko mbuzi ulizowahi kuchunga. Baba anafungua mlango. Mwiitu ndiye anasema watu waingie ama warudi. Anapewa kata, anaulizwa, tunywe ama tusinywe. Akionja, ni ndiyo. Akirudisha bila kuonja, mbuzi wanarudi kwao. Nani hapa atasema si hivyo?"

Mzee mmoja wa upande wa Migwani akakohoa. "Ni kweli," akasema. "Lazima aulizwe."

Ninyi mnaosoma, mnajua ilivyo mtu akiwa anazama halafu mguu uguse chini. Ndivyo nilivyohisi. Neno moja tu, tusinywe, na mtoto wangu anabaki wangu. Nilikaribia kucheka.

Mzee Kasyoki alikasirika, lakini wazee walikuwa wanamwangalia. Akatoa gunzi. Akamimina. Akaniletea kata kwa mikono miwili, kama alivyompa baba, na macho yake sasa hayakuwa yanacheka hata kidogo.

"Kavindu wa Musembi," akasema. "Tunywe ama tusinywe?"

Nikaipokea kata. Uki ukacheza, na harufu ikanipanda puani.

Nikainusa tena.

Nimeishi na ule mkate. Nguo zangu zinanuka mkate uliokaangwa, nywele zangu, hata mto wangu. Ningeijua bia yangu nikiwa nimefungwa macho, ndani ya shimo. Na kwenye hiyo kata mkate haukuwemo. Hakukuwa na ukoko, wala povu la rangi ya chai. Kilichokuwemo kilikuwa cha manjano, chembamba, na kilinuka asali.

Uki. Uki wa asali na miatine, umepikwa na mama yake Mulei huko Matiliku, umebebwa begani tangu asubuhi mbele ya macho yangu. Kibuyu hakikuwa kimejazwa kwenye pipa langu. Kilikuja kimejaa.

Ule ubishi wote wa mkate ulikuwa wa kunishughulisha tu. Mzee yule alinichokoza nibishane juu ya glasi nisiangalie kibuyu. Na mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya kila mtu aliyekuja kununua, nilikuwa nimeita kazi ya mikono yangu takataka, nikiikana bia ambayo baba yangu hakuigusa hata kwa ulimi.

Hata kuionja hakuionja.

Nikageuza macho. Kihara alikuwa anakusanya glasi peke yake, nyingi zimejaa. Kiti cha mama wa Kitui mjini kilikuwa tupu. Baba alikuwa anakitazama kibuyu, na nilipomwangalia akaangalia chini, nikajua kwamba hata hilo alilijua. Aliangalia ndani ya kata mara mbili. Aliona rangi.

"Tunywe ama tusinywe?" Mzee Kasyoki akauliza tena.

"Jibu, mwanangu," Susu Wayua akasema. "Usiogope mtu. Jibu."

Sikuogopa. Nilitaka nimtazame Mulei machoni nikisema neno hilo, limwingie vizuri, alibebe hadi kwao. Nikamtafuta kwenye viti. Nikamtafuta nyuma ya wazee, na karibu na mapipa.

Mulei hakuwepo uani.

Nikafungua mdomo, kata ya asali mkononi, na nje ya lango injini ya gari alimokuwa Mumbua ikanguruma.